Picha Bado Inaoshwa

Satellite, Riruta
Jumatano, 5 Oktoba 2005

Bhoomi,

Mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka nikujulie hali kwa mistari mitatu kwanza, lakini nina karatasi mbili tu na nina mengi. Mimi ni mzima. Mzee Harbhajan ni mzima. Studio yake ya picha iko palepale: duka la baba yako na vitambaa vyake upande wa kushoto, Kiema fundi wa saa upande wa kulia, na mimi nyuma ya pazia penye kompyuta, mahali ambapo wateja hawanioni. Tangu uondoke, Jumamosi zako zimekuwa zangu, na siku nyingine zote pia, mpaka chuo kikuu kikumbuke kuniita.

Uliniuliza kwa nini siandiki barua pepe. Kwenye kompyuta ya studio Mzee husimama nyuma yangu akidhani kila herufi ninayopiga ni ya biashara. Kwenye saiba ya hapa Satellite wamegeuza skrini zote kuelekea barabarani, hata anayeuza mahindi anajua nani ameachwa na nani. Karatasi haina mtu nyuma yake.

Nina swali la kompyuta. Tangu mwezi jana kuna picha zinazotoka nusu. Nazinakili kutoka kwenye kadi ya kamera, nazihesabu, idadi inatimia. Kwenye orodha, zile picha ndogo kama kucha zinaonekana kamili. Lakini nikiifungua kubwa, juu kuna mtu na chini kuna kijivu kitupu, kama amezama kwenye saruji mpaka machoni. Si zote. Jumamosi hii mbili, Jumamosi ile hakuna. Wateja wawili walirudi tukawapiga picha upya, wakacheka, wakaenda. Mzee anasema ni umeme.

Je, ni kadi? Ni kamera? Au ni ule mfumo mpya uliouweka kabla ya safari?

Na zile picha ndogo za kwenye orodha, zinaweza kukuzwa? Nimejaribu moja ikawa madoa. Nauliza tu. Hakuna haraka.

Wako wa dawati moja,
Mwelu

*

Leicester
Jumatatu, 17 Oktoba 2005

Mwelu wa pazia,

Binamu zangu wawili, Ishan na Aarti, waliifungua barua yako kabla yangu. Katika nyumba hii hakuna kitu cha mtu mmoja. Waliigeuza juu chini kama ramani ya hazina, kisha Ishan akaniuliza kama nimeandikiwa na mganga. Kwa hiyo endelea na Kiswahili, tena kigumu. Ndicho kufuli letu.

Hapa baridi inaingia mpaka kwenye meno. Shangazi anapika kila kitu bila pilipili ili majirani wasinuse. Nimemwambia Nairobi tunanuka na tunaishi.

Sasa swali lako. Ni kadi. Zile sita tulizinunua barabara ya Luthuli kwa sababu Mzee alipenda bei, na kadi ya bei hiyo huzeeka kama ndizi. Ukiona inaleta nusu, itupe. Draiva, ile programu ndogo inayozungumza na kisomaji cha kadi, haina shida. Niliitoa mtandaoni nikaitengeneza kwa mikono yangu, nikaijaribu wiki nzima, hukumbuki? Ulinishikia tochi.

Picha ndogo hukaa mwanzoni kabisa mwa faili, ndiyo maana hufika salama hata kubwa ikikatika njiani. Haikuzwi. Ni kivuli tu.

Lakini Mwelu, umesema “nauliza tu” halafu “hakuna haraka”. Mtu ambaye shule nzima aliomba ruhusa ya kwenda msalani kwa kuandika kwenye karatasi hatumii maneno bure. Kidato cha pili uliposema “nauliza tu”, ulikuwa umevunja hadubini ya maabara.

Umevunja nini?

Bhoomi

*

Satellite, Riruta
Jumatano, 2 Novemba 2005

Bhoomi,

Umenijua. Si swali tu.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Septemba, wiki moja baada ya ndege yako, mama mmoja anayeitwa Namalwa alileta mtoto wake kutoka Kabiria. Mtoto ni Isaiah, miaka minne. Alitaka picha moja ya kumpelekea bibi yake Bungoma, na alikuwa amemvalisha koti dogo la kuazima kwa jirani. Mzee alipiga picha. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikumwona, nilimsikia. Mzee aliweka yule bata wa plastiki juu ya kamera, na mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi.

Nilifanya kazi kama ulivyonifundisha. Nakili, hesabu, futa kadi. Picha thelathini na moja. Sikufungua hata moja. Kuna siku gani tumewahi kufungua?

Risiti yake ilisema Jumanne. Jumanne hakuja, wala iliyofuata. Tarehe nne Oktoba, saa nne asubuhi, alikuja na kitambaa kichwani akakaa kwenye ile benchi. Mzee alikuwa ametoka kwenda benki kama kila Jumanne. Yule mama alisema, “Nimefuata picha ya mtoto. Tulimzika Ijumaa.” Alisema ni mapafu.

Nikarudi nyuma ya pazia nikafungua faili ili nichapishe. Paji la uso lilikuwepo. Macho yalikuwepo. Chini ya macho, kijivu. Alikuwa ananiangalia kutoka juu ya kijivu hicho kama mtu aliyesimama nyuma ya ukuta.

Ilibidi nitoke nimwambie. Unaujua mdomo wangu. Nilitoka na sentensi nzima kichwani, na iliyotoka ni hii: “Bado inaoshwa.”

Bhoomi, kompyuta inaosha nini?

Akasema, “Sawa, mama,” akakaa dakika kumi zaidi, akaenda. Tarehe kumi na moja akarudi. Kumi na nane. Ishirini na tano. Jana. Kila Jumanne saa nne, benchi ileile, upande uleule. Namwambia vilevile. “Bado inaoshwa, Mama Isaiah.” Halafu nabaki nikijiuliza kama bado nina ruhusa ya kumwita hivyo.

Nilimuuliza kama ana picha nyingine ya mtoto. Hana. Ni hiyo tu ulimwenguni.

Na kuna jambo jingine. Zile kadi sita bado zina namba ulizoandika kwa rangi yako nyekundu ya kucha, na bado tunatumia kila moja wiki yake. Ya Jumamosi ile ilikuwa namba tatu. Baada ya barua yako niliitafuta ndani ya boksi, labda kuna la kufanya. Iko moja, mbili, nne, tano, sita. Tatu haipo. Siwezi kumuuliza Mzee, kwa maana ataniuliza naitakia nini.

Kila nikifungua ile orodha kutafuta picha ya mtu mwingine, napita kwa Isaiah. Yumo, ukubwa wa kucha, mzima, anacheka, ana kitu cheusi kiunoni kama mkanda. Siku hizi napita pale nikiwa nimefunika skrini kwa mkono.

Mwelu

*

Satellite, Riruta
Ijumaa, 25 Novemba 2005

Bhoomi,

Hujajibu. Labda posta, labda masomo. Naandika hata hivyo.

Jumatatu ilikuwa kura ya maoni, mji wote ulifungwa. Jumanne maduka mengi ya mtaa wetu yalikuwa bado hayajaamua kufungua. Mzee alifungua lango nusu, akaenda benki kama kawaida. Saa nne Mama Isaiah alikuja. Alipita chini ya lango akiwa ameinama, akakaa.

Sikutupa kadi uliyosema nitupe. Nilifanya jambo jingine. Niliazima kwa Kiema ile saa ya kupimia, ile anayoipenda kuliko mke wake. Aliniuliza nampima nani mbio. Nikachukua kadi namba tano, nikainakili mara ishirini. Mara kumi na saba ilikuja nzima, mara tatu ikaja na kijivu. Nikatoa ileile kadi, nikairudisha kwenye kamera, nikasoma kwa waya. Polepole kama konokono, lakini nzima mara zote ishirini.

Kwa hiyo kadi inazo picha. Hazijaoza.

Halafu nikaangalia ile taa ya kijani ya kisomaji. Inapepesa wakati kadi inazungumza. Kuna wakati kadi inanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta neno, kisha inaendelea. Nikaanza kupima huo ukimya. Ukiwa chini ya sekunde moja, picha inakuja. Ukifika sekunde moja, taa inawaka ghafla na picha inakatika. Si sekunde moja na nusu. Si mbili. Nimepima mpaka kidole kimeuma.

Kadi inajibu, Bhoomi. Inachelewa tu. Kompyuta ndiyo haisubiri.

Na ikiondoka haisemi kwamba imeondoka. Inajaza kijivu, inaandika kwamba kazi imekwisha, idadi inatimia. Ndiyo maana hesabu yangu haikuwahi kugundua kitu.

Ulisema uliijaribu draiva wiki nzima. Uliijaribu kwenye mfumo gani, wa zamani au mpya?

Mwelu

*

Leicester
Jumanne, 6 Desemba 2005

Mwelu,

Wa zamani.

Barua yako ya Novemba mwanzoni niliisomea kwenye ngazi za chuo. Niliiweka mfuko wa koti, nikatembea nayo wiki tatu. Nilianza jibu mara saba. La kwanza lilisema tena kwamba ni kadi. Nilijua si kadi kabla sijamaliza kuandika neno lenyewe.

Nakueleza yote, nawe usome ukiwa umekaa.

Draiva ikiiomba kadi kipande cha picha, huweka kipima muda. Kadi isipojibu mpaka muda uishe, draiva hukata tamaa. Mimi nilitaka isubiri sekunde kumi. Lakini draiva haihesabu sekunde, inahesabu mapigo ya mashine. Kitabu nilichojifunzia kilisema mashine hupiga mara mia kwa sekunde, na ule mfumo wa zamani ulikuwa hivyo, kwa hiyo niliandika mapigo elfu moja. Sekunde kumi. Wiki nzima ikafanya kazi vizuri, ukinishikia tochi.

Siku moja kabla ya safari nikaweka mfumo mpya, kwa sababu nilitaka kumwachia Mzee kitu kipya. Mpya unapiga mara elfu kwa sekunde. Elfu moja yangu ikawa sekunde moja. Draiva niliihamisha ilivyo, nikanakili picha mbili, zikaja, nikaenda kufunga sanduku.

Hiyo ni sehemu ya kwanza, na ningeweza kuiita bahati mbaya. Ya pili siwezi.

Unakumbuka Mzee alivyochukia yale maandishi ya makosa yaliyotokea kwenye skrini wateja wakiwa wamesimama pale? “Mashine inanitukana mbele ya watu.” Akaniomba niyaondoe. Nikayaondoa. Sikutafuta kosa, nilifunga mdomo wa draiva. Ikikosa jibu isiseme kitu, ijaze pengo, iendelee mbele. Niliona ni adabu. Nilijivunia hata. Kama ningeiacha ipige kelele, tarehe kumi na saba ungeiona kabla hujafuta kadi.

Kwa hiyo si wewe. Nataka ulisome hilo tena. Si wewe.

Nimeambatisha karatasi ya pili. Ni mistari minne, nimeiandika kwa mkono kwa herufi kubwa, usiikunje kwenye maandishi. Miwili inaondoa ile elfu moja na kuiambia draiva iiulize mashine yenyewe inapiga mara ngapi, kisha izidishe kwa kumi. Miwili inarudisha sauti: ikikosa jibu, iseme imekosa, isimame. Utaichapa, utaijenga draiva upya kama tulivyofanya, utaiwasha.

Na kufuta si kuchoma. Ukifuta kadi unafuta majina kwenye daftari lake tu, picha zinabaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Ukiipata namba tatu, na kama haijatumika tena, isome yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kutafuta jina. Nimeandika jinsi ya kufanya nyuma ya karatasi.

Lakini lazima uipate. Na lazima umuulize Mzee. Hilo sina mistari ya kukuandikia.

Bhoomi

*

Satellite, Riruta
Alhamisi, 22 Desemba 2005

Bhoomi,

Nimemwambia Mzee.

Niliandika kila kitu nyuma ya karatasi za risiti, sita, nikampa. Akazishika mbali, akazileta karibu, akanirudishia, akiniita binti kwa lugha yao. “Macho yangu mabaya, Beti. Sema.” Macho yake yanaona vumbi kwenye lenzi akiwa mlangoni. Nikasema. Sijui ilichukua muda gani. Kuna mteja aliingia katikati akatoka.

Aliposikia namba tatu, alipanda kwenye stuli akashusha kopo moja la filamu kutoka rafu ya juu kabisa, lile lenye kutu. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa herufi za kwao na chini yake, kwa herufi zetu, Isaiah. Ndani ya karatasi, kadi.

Ile Jumanne ya kwanza, akirudi kutoka benki, alikutana na yule mama mlangoni, naye akamwambia msiba wake. Mzee akaingia, akaitoa kadi ndani ya boksi kabla haijafika zamu yake tena, akaificha. Anasema wakati wa baba yake, katika chumba hichohicho, picha zilipigwa kwenye vioo. Vioo vilikuwa adimu, kwa hiyo mteja akishachukua picha yake, kioo kilikwanguliwa kikatumiwa tena. Mwaka wa surua baba mmoja alirudi kuomba kioo cha binti yake. Kilikuwa kimekwanguliwa Jumatatu, kikapigiwa picha ya karani wa reli. Mzee ndiye aliyekikwangua. Alikuwa na miaka kumi na moja. Tangu hapo, kioo, filamu au kadi ya aliyekufa haitumiki tena. Hakuniambia kwa sababu hakuona kama inanihusu. Ni jambo lake na kopo lake.

Lakini sikia hili. Yeye alijua mama anakuja kila Jumanne. Kiema alimwambia. Alidhani picha iko salama kwenye kompyuta, na kwamba mama huja kuitazama akiwa na mimi. Aliondoka kwenda benki mapema kusudi, atuachie nafasi.

Akaniuliza, “Wiki kumi, Beti? Wiki kumi umemwambia inaoshwa?”

Nikazipanga upya zile karatasi sita.

Jumamosi mchana nilichapa mistari yako. Mara ya kwanza draiva ilikataa kujengeka, nilikuwa nimesahau alama moja mwishoni. Mara ya pili ikakubali. Mzee alifunga lango, akakaa kwenye stuli nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza sikuchukia awe nyuma yangu. Nikaingiza namba tatu.

Ikasoma vizuri mpaka kama nusu. Halafu taa ikazimika.

Nilikuwa nimeshika saa ya Kiema. Sekunde moja ikapita, na taa haikuwaka. Mbili. Tatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyuma. Nne. Tano. Mzee alianza kusema kitu kwa lugha yao chinichini. Sita. Nilifikiri, sasa itasema imekosa, na angalau itakuwa imesema. Saba.

Taa ikapepesa.

Ya kumi na tisa ndiyo yake. Ana macho, ana pua, ana mdomo wazi kwa kicheko, koti lina mikono mirefu imemfunika vidole. Na kile cheusi kiunoni si mkanda. Ni mikono miwili. Alikuwa hataki kukaa peke yake kwenye stuli, kwa hiyo mama aliingia nyuma, chini ya kile kitambaa cha bluu cha mandhari, akamshika. Mzee anaikumbuka sasa. Unajua yeye huiondoa mikono ya namna hiyo, ndiyo desturi. Alichukua kipanya akaifikia ile mikono, akasimama hapo. Akakiweka kipanya chini. “Muulize mama mwenyewe kwanza.”

Tumeichapisha. Iko ndani ya bahasha.

Sasa nimekuficha jambo mpaka mwisho wa barua kama kawaida yangu. Tarehe sita Mama Isaiah alikuja. Tarehe kumi na tatu hakuja. Juzi tarehe ishirini hakuja. Nilikaa kwenye benchi mimi, na bahasha mapajani, kuanzia saa nne mpaka saa saba. Upande wake una baridi kuliko mwingine, au ni mimi.

Studio inafungwa kwa sikukuu. Risiti yake inasema Kabiria, nyumba za mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga.

Mimi, Bhoomi. Nibishe mlango wa mtu.

Mwelu

*

Leicester
Jumanne, 3 Januari 2006

Mwelu,

Bisha.

Najua utataka kusema ni mashine. Watu husema hivyo, na mwenye kusikia huitikia kwa kichwa kwa sababu mashine haina uso. Usiseme mashine. Sema kuna msichana anaitwa Bhoomi, alikuwa na haraka, na ndiye aliyeifundisha kunyamaza. Mpe na jina langu.

Nimenunua daftari. Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza kila kitu nilichomwachia mtu Nairobi kikifanya kazi bila mimi. Ni vitu vingi kuliko nilivyofikiri. Naviangalia kimoja kimoja.

Ishan amejifunza kusoma neno “wewe”. Tuwe macho.

Bhoomi

*

Satellite, Riruta
Jumatano, 18 Januari 2006

Bhoomi,

Jumamosi ya tarehe saba nilienda Kabiria. Nyuma ya kinu nilimkuta jirani anaitwa Selpher, mwenye lile koti. Aliniambia Namalwa alisafiri Bungoma kabla ya Krismasi na angerudi wiki ifuatayo. Kisha akanitazama vizuri akauliza, “Wewe ndiye yule msichana wa studio?” Nikasema ndiyo. Akasema “Aa,” basi, akaingia ndani. Nilirudi nyumbani na hiyo “Aa” nikalala nayo wiki nzima.

Tarehe kumi na nne nilirudi. Alikuwa anafua nje. Nilikuwa nimekariri hotuba kuanzia Satellite mpaka pale, na nikaanza kwa kumwita Mama Namalwa, nikifikiri ndiyo heshima sasa. Akaniambia, bila kuinua kichwa, “Mama Isaiah. Usibadilishe.”

Hotuba ikaisha hapo. Nikasema tu. Nikasema haikuwa inaoshwa. Nikasema picha ilikatika siku ileile, nami nikafuta kadi bila kuangalia, na kila Jumanne nilimdanganya. Nikasema jina lako, na kwamba tulikaa dawati moja, na uliyofanya, na kwamba wewe mwenyewe ulitaka ajue. Nilisema vibaya, mambo ya mwisho yakija mwanzo.

Alikamua shati lililokuwa mkononi mpaka likakauka. “Nilijua wiki ya pili,” akasema. “Picha gani inaoshwa wiki mbili? Hata za harusi wanatoa siku tatu.”

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakuja.

“Pale mbele ya benchi alicheka. Hapa kwa nyumba alikohoa tu.”

Akapangusa mikono kwenye leso, akachukua bahasha, akaifungua. Sikuangalia uso wake, niliangalia vidole. Viliipita sura, vikapita koti, vikafika pale kiunoni. Nikamwambia mikono ile inaweza kuondolewa, Mzee ni hodari, haitajulikana kama ilikuwepo.

“Wacha,” akasema. “Hiyo ni mimi nimemshika.”

Hatukusema mengi tena. Aliniuliza wewe una miaka mingapi. Nikasema kumi na minane kama mimi. Akasema nikwambie amesikia. Bhoomi, sitakuongezea kitu juu ya hilo. Nimejaribu kulitafsiri tangu Jumamosi nikashindwa, nakutumia lilivyo. Amesikia.

Nilirudi nikiamini yamekwisha. Jumatatu nilimrudishia Kiema saa yake. Nikafuta vumbi kwenye benchi, nikaanza kupanga juu yake fremu mpya zilizoletwa, kwa kuwa hakuna mtu tena wa kuikalia.

Jana Jumanne, saa nne, mlango ukafunguka.

Alikuwa na ile bahasha kwapani. Alisalimia, akaziangalia fremu, akasubiri. Nilizihamishia sakafuni moja moja. Akakaa upande wake. Na Bhoomi, ile sentensi ilikuja yenyewe mpaka kwenye ulimi. “Bado,” nikasema, nikaisikia, nikaifunga midomo juu ya iliyobaki. Nadhani aliisikia pia, kwa sababu karibu atabasamu.

Sikurudi nyuma ya pazia, nikakaa karibu naye.

Mzee hakuwa ameenda benki. Alizunguka zunguka, akafuta lenzi iliyokuwa safi, kisha akamshusha bata kutoka rafuni. Alimshika muda, hajui ampeleke wapi, akamweka juu ya kamera, mahali pake pa siku zote. Tukamwangalia wote watatu.

Waliingia wateja wanne wakitaka picha za saizi ya pasipoti, wana haraka, ndege yao ni kesho. Mzee aliwaambia wasubiri.

Mwelu